Kulala garini kwenye theluji ya Livigno: jibu kwa kijana wa Malindi

Swali: "Shikamoo Mzee. Mimi ni mzaliwa wa Malindi, na huu ni mwaka wangu wa pili Brescia, Italia, kwa dada yangu. Mwezi wa Januari wenzangu wawili wa kazini wanakwenda Livigno kuteleza kwa skii, nami nimekubali kufuatana nao. Vyumba vya hoteli ni ghali mno kwetu, kwa hiyo tutalala masiku mawili ndani ya gari la mmoja wao, vani ya dizeli ya kubebea mizigo, isiyo na viti nyuma. Mwenye gari anasema tutaacha injini ikinguruma usiku kucha ili tupate joto. Mwenzake anasema hayo ni kumaliza mafuta bure, bora tuingize jiko dogo la makaa. Mimi sijapata kulala mahali penye barafu. Je, jambo hili lawezekana, na nijitayarishe vipi kwa pesa chache?"

Marahaba, mwanangu. Kulala garini wakati wa theluji kwawezekana, na wapo watu wengi wafanyao hivyo kila mwaka katika milima ya Alpi wakaamka salama, wakanywa kahawa yao na kwenda kuteleza. Lakini katika njia mbili ulizoelezwa na wenzako hakuna hata moja ya kufuatwa, na kabla sijagusa jambo jingine lolote nataka hili likukae moyoni: katika gari mnamolala kisiwake kitu chochote mkiwa usingizini, si injini, si jiko la makaa, si jiko la gesi, wala mshumaa. Baridi ya Livigno utaiona ikija, utaihisi vidoleni na puani, na utakuwa na saa kadhaa za kuamua la kufanya. Hewa yenye sumu itokayo kwenye moto uliofungiwa haikupi hata dakika moja ya kuamua.

Nimekuwa dereva wa basi dogo la watalii katika milima ya kaskazini mwa Italia kwa majira 9 ya baridi kabla ya kurudi kwetu Lamu, na somo hili sikulisoma kitabuni. Katika majira yangu ya kwanza, mwajiri wangu wa wakati huo, ambaye sina haja ya kumtaja, alituacha madereva wawili tulale ndani ya basi bila matandiko yoyote, nasi tukaacha injini ikiwaka kama anavyotaka rafiki yako. Theluji haina kishindo cha mvua ya masika juu ya mabati. Huanguka kimya, na usiku ule ilianguka nyingi, ikarundikana nyuma ya basi mpaka ikalifunika bomba la moshi. Alfajiri dereva wa mashine ya kusukuma theluji aligonga kioo kwa hasira kwa sababu tulikuwa tumemzibia njia. Nilipoinuka, kichwa kilikuwa kama kinapasuliwa kwa shoka, magoti hayakunibeba, nikatapika kando ya gurudumu. Mwenzangu ilibidi aburutwe nje. Hatukuwa tumenusa chochote. Laiti tungeegesha mahali pasipo njia ya mtu, asingekuwapo wa kutugongea.

Kilichotupata kinaitwa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi, isiyo na harufu, wala isiyowasha macho, ambayo hutoka pale kitu chenye kaboni, kiwe petroli, dizeli, makaa, kuni au gesi, kinapoungua bila kupata hewa ya kutosha. Ikiingia mapafuni hushikana na hemoglobini, ile sehemu nyekundu ya damu inayobeba oksijeni, na mshiko wake ni mkubwa kuliko wa oksijeni kwa zaidi ya mara 200. Ndiyo maana kiasi kidogo tu chatosha kuifukuza oksijeni mahali pake, na mtu huendelea kuvuta pumzi kama kawaida huku moyo na ubongo wake vikinyimwa. Dalili zake, yaani kuumwa na kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, unyonge wa viungo na kuchanganyikiwa, zafanana mno na uchovu wa mtu aliyeteleza milimani kutwa nzima, na aliyelala hazihisi kabisa. Hata baada ya kutoka nje, mwili unaovuta hewa ya kawaida huchukua saa 4 hadi 5 kuondoa nusu tu ya hewa hiyo damuni, na kwa sababu hiyo hospitalini mgonjwa huvutishwa oksijeni tupu. Mmoja wenu akiamka na kichwa kizito na moyo ukimchafuka, msijadiliane kama ni mafua au ni chakula: fungueni milango, tokeni nyote, mpige 112, ambayo ndiyo namba ya dharura ya Italia.

Mwenye gari aweza kujitetea kwamba injini ya dizeli hutoa hewa hii kidogo kuliko ya petroli, na katika hilo hasemi uongo. Lakini kidogo kinachozuiliwa na theluji chini ya gari, kikapenya kupitia matundu ya sakafu na mipira ya milango kwa saa 7 au 8 mfululizo, hakibaki kidogo.

Kuhusu jiko la makaa yanipasa kusema kwa urefu, maana najua sisi watu wa pwani tumelelewa nalo. Kwetu seredani hukaa uani, au katika jiko la makuti ambamo upepo wa bahari wapita huku na kule. Mama huchemsha mbaazi, huchoma samaki, hutia ubani katika chetezo chumbani na madirisha yako wazi, na hatukumwona aliyedhurika. Ndugu zetu wa bara, kule Limuru na Nyandarua kwenye baridi, wanaijua hatari hii vizuri zaidi yetu, kwa kuwa huko mtu huingiza jiko ndani, akafunga mlango na dirisha, na zipo nyumba ambazo asubuhi hakuna aliyeamka. Vani ya mizigo ina mita za ujazo kama 10 hivi. Ni chumba kidogo kuliko stoo ya duka, na kuta zake ni za chuma kilichozibwa kwa mipira ili mvua isipite. Tena makaa hudanganya: moshi ukikatika na kaa likawa jekundu, sisi husema sasa jiko limekuwa tayari na twaweza kulileta karibu, ilhali kaa hilo jekundu lisilo na moshi ndilo linaloendelea kumwaga kaboni monoksidi. Mwambie mwenzako kwa upole, lakini usikubali. Akilipakia garini, wewe shuka.

Injini mwaweza kuitumia mkiwa macho. Jioni, kabla ya kulala, ondoeni kwanza theluji yote iliyo nyuma na chini ya bomba la moshi, iwasheni kwa muda mfupi huku kioo kimoja kikiwa wazi kidogo, kisha izimeni na ufunguo utoke mahali pake. Zingatieni pia kwamba kuacha injini ikiwaka kwenye gari lililoegeshwa kumekatazwa katika sehemu nyingi za milima hiyo, na polisi wa manispaa huandika faini. Jambo ni tofauti kidogo iwapo mmekwama njiani kwa dhoruba na hamwezi kufika popote: hapo injini huwashwa dakika 10 hivi kwa kila saa, bomba likiwa limefukuliwa kila mara, kioo cha upande usio na upepo kikiwa wazi, na mmoja wenu akikesha.

Kifaa kimoja tu chenye moto ndicho ninachokikubali mtu akiwa amelala, nacho ni hita ya dizeli iliyofungwa garini na fundi anayeijua. Hiyo huunguza mafuta ndani ya chumba chake kilichozibwa, huvuta hewa ya kuunguzia kutoka nje na kutoa moshi nje, na hewa mnayovuta ninyi hupitishwa kando bila kukutana na moshi huo. Hutumia baina ya lita 0.1 na 0.3 za dizeli kwa saa, ambayo ni nafuu kubwa ukilinganisha na injini nzima. Kwa maelezo yako, gari la rafiki yako halina kifaa hicho, na wiki chache zilizosalia si wakati wa kukifunga kwa kubahatisha.

Iwe hita ipo au haipo, pesa yako ya kwanza itoe kununua king'ora cha kaboni monoksidi kinachotumia betri, chenye alama ya kiwango cha EN 50291, na ukiweke karibu na vichwa vyenu kama maelezo yake yanavyoagiza. Nasema pesa ya kwanza, kabla ya glavu na kabla ya miwani ya theluji, na nasema hivyo hata kama mmekubaliana kutowasha chochote, kwa sababu gari jirani kwenye maegesho laweza kuwa na mtu ambaye hakusoma haya.

Sasa tuje kwenye baridi yenyewe. Livigno iko mita 1816 juu ya usawa wa bahari, katika bonde refu lililozungukwa na milima. Kwa kawaida hewa hupoa kwa nyuzi 6 na nusu hivi kila upandapo mita 1000, lakini katika usiku wa Januari usio na mawingu mambo huzidi hapo, kwa kuwa hewa baridi ni nzito, huteremka kutoka kwenye miteremko na kutuama bondeni kama maji ya mvua yanavyotuama kwenye shimo. Si ajabu kipimajoto cha huko kuonyesha nyuzi 20 chini ya sifuri. Kwetu Malindi, kipupwe kikituletea nyuzi 22 tunatafuta sweta. Kutoka hapo hadi usiku wa Livigno ni tofauti ya nyuzi 40 na zaidi, na vani tupu ya chuma haitakuongezea ila nyuzi chache tu juu ya baridi ya nje. Hata hivyo usimkubali atakayekuambia kwamba mwili wa mpwani haukuumbwa kwa mambo haya. Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi aliyekulia Austria, aliiwakilisha Kenya katika mashindano ya skii ya Olimpiki ya Pyeongchang mwaka 2018. Mwili hutoa joto lake wenyewe mchana na usiku, na kazi yenu humo garini ni kulizuia lisitoroke.

Na mahali linapotorokea zaidi ni chini. Watu wengi wanaolala garini mara ya kwanza hujitwika mablanketi matatu juu na kutandika shuka moja chini, kisha saa nane za usiku huamka nyonga na mabega yamekufa ganzi, wakadhani mablanketi hayakutosha. Uzito wa mwili huigandamiza pamba ya chini hata ikakosa hewa ndani yake, na hewa iliyotulia ndiyo izuiayo joto. Sakafu ya chuma hulinyonya lililobaki. Tandikeni kwanza kartoni kavu sakafu nzima, tabaka mbili au tatu, ambazo dukani mtapewa bure. Juu yake wekeni sponji ngumu ya kambi, ile ambayo vitundu vyake vimefungika na haifyonzi maji, kisha godoro la nyumbani au sponji ya pili. Mkeka wetu wa ukindu, nijuavyo uzuri wake, hapa haufai kitu, kwa kuwa ulisukwa ili upitishe hewa. Vilevile jihadharini na godoro la kujaza upepo lisilo na kitu ndani, kwani hewa iliyomo huzunguka na kuipeleka baridi ya sakafu hadi mgongoni. Mkinunua tandiko maalumu, huandikwa kipimo cha uwezo wake wa kuzuia joto, kiitwacho R. Kwa theluji tafuteni 5 au zaidi, na matandiko mawili yakipangwa moja juu ya jingine vipimo vyao hujumlishwa.

Mabaharia wetu wa majahazi walikuwa na fumba, mkeka ulioshonwa kama mfuko, ambao mtu aliingia ndani akalala sitahani bila kuguswa na umande. Mfuko wa kulalia wa kisasa ni fumba la namna hiyo, ila limejazwa manyoya au nyuzi za kuzuia joto. Ule ulio bora huwa na namba kwa kiwango cha ISO 23537, na hapa ndipo wauzaji na wanunuzi wengi hupotoka, kwa sababu namba ni 3 na si moja. Ya kwanza ni ya starehe, baridi ambayo mtu aweza kulala kwa raha bila kujikunyata. Ya pili ni ya mpaka, ambayo mtu mzima mwenye nguvu aweza kulala akiwa amejikunja. Ya tatu ni ya hatari, ambayo mtu anatarajiwa asife tu, naye hatalala. Dukani utaonyeshwa ile ya tatu kwa maandishi makubwa. Wewe soma ya starehe peke yake, nayo kwa safari yenu iwe nyuzi 15 chini ya sifuri, kisha juu ya mfuko weka blanketi zito la sufu. Mifuko hiyo hukodishwa na baadhi ya maduka ya vifaa vya mlimani, na kwa masiku mawili kukodi ni busara kuliko kununua mfuko dhaifu.

Ukishaingia, funga kamba ya mfuko shingoni, vaa kofia ya sufu, na pua na mdomo viachwe nje. Najua hapa nakwenda kinyume na malezi yetu, kwani sisi tukihisi baridi hujifunika gubigubi kuanzia utosini. Ndani ya mfuko pumzi yako hugeuka maji, maji hulowesha manyoya, na mfuko uliolowa hauna kazi.

Unyevu ndio adui ambaye watu hawamtazamii. Kwa pumzi na ngozi yake mtu mmoja hutoa maji ya glasi moja hivi kwa usiku. Ninyi ni watatu, na maji hayo yatagandia kwenye kuta za chuma na vioo, kisha asubuhi jua likiyagusa yatawadondokea juu ya matandiko, na usiku wa pili utakuwa mbaya kuliko wa kwanza. Kwa hiyo acheni nafasi mbili wazi, za upana wa kidole, moja kila upande. Mwenye gari atalalamika kwamba mnatoa joto nje. Mwelezeni kwamba hewa kavu ya nje, hata ikiwa baridi, ni nafuu kwenu kuliko mvuke wa watu watatu uliofungiwa, na kwamba ninyi pia mnahitaji kuvuta pumzi. Kung'uteni theluji kwenye viatu na suruali kabla ya kuingia, msianike nguo mbichi ndani, na kila asubuhi futeni kuta kwa kitambaa na kuyatoa matandiko yapigwe na hewa. Kati ya sehemu ya dereva na ya nyuma tundikeni blanketi, na vioo vya mbele vizibeni kwa yale mapazia ya rangi ya fedha yenye sponji, kwa kuwa kioo kitupu hupoteza joto haraka.

Nguo ulizotelezea usilale nazo, hata zikionekana kavu, maana zimebeba jasho. Badili zote, soksi kwanza. Fulana ya pamba na kikoi, vipenzi vyetu vya joto la kaskazi, vikilowa jasho hukaa na maji na kukupoza. Tafuta sufu nyembamba au nguo za nyuzi zinazokauka upesi. Kula chakula kizito cha moto kabla ya kulala, wali au tambi zenye mafuta ya kutosha, na weka tende karibu na kichwa, kwani ukiamka unatetemeka tende tatu zitaupa mwili cha kuunguza. Wenzako wakikuambia kwamba pombe huleta joto, wao huhisi hivyo kwa sababu huifungua mishipa ya ngozi na damu ya moto kuja juu. Joto hilo hutoka mwilini na kupotea, na baadaye mtu hupoa kuliko kwanza. Maji ya moto jazeni katika chupa ngumu isiyovuja, izungushie soksi, uitie ndani ya mfuko wa kulalia, miguuni. Mengine yatieni katika thamosi yabaki kwa udhu wa alfajiri, kwa sababu maji yaliyolala nje ya mfuko mtayakuta barafu. Na haja ndogo usiivumilie mpaka asubuhi. Beba chupa yenye mdomo mpana.

Mkipika, pikeni nje. Kumbukeni kwamba mitungi midogo ya gesi ya butani haifanyi kazi kwenye baridi hiyo, kwa kuwa butani huacha kugeuka mvuke karibu na sifuri. Takeni ile iliyochanganywa na propani.

Mahali pa kuegesha si jambo la kuamua usiku. Fikeni mchana, muone miteremko iko wapi, na msikae chini ya mteremko mkali unaoweza kuporomosha theluji, wala chini ya ukingo wa paa, wala katika njia ya mashine za kusukuma theluji. Sheria ya barabara ya Italia, katika kifungu cha 185, huhesabu gari la kulalia lililosimama kwa magurudumu yake tu, lisilotoa kitu nje wala kutanua nafasi yake, kuwa limeegeshwa na wala halijapiga kambi. Lakini maneno hayo yanahusu magari yaliyosajiliwa kwa kulala, na vani ya mizigo haimo. Manispaa za milimani nazo zina amri zao kuhusu kulala kwenye maegesho. Ushauri wangu ni mwende kwenye kambi ya magari yenye umeme na choo. Mkigawana watatu, gharama yake ni ndogo, na mkiwa na waya unaofaa mtaweza kuwasha hita ndogo ya umeme, ambayo haitoi hewa yoyote ya sumu.

Gari nalo lina mahitaji yake. Kutoka 15 Novemba hadi 15 Aprili barabara nyingi za huko hudai tairi za theluji au minyororo iliyomo garini, na njia yenu ya kuingilia Livigno kutokea Bormio hupanda hadi kipito cha Foscagno, mita 2291. Asisafiri mtu akiwa amelala nyuma kwenye matandiko. Vani isiyo na viti nyuma isibebe watu nyuma, nanyi watatu mtoshe kwenye viti vya mbele vyenye mikanda, au mmoja apande basi. Dizeli ina nta ambayo huganda kwa baridi na kuziba chujio, na ile ya tambarare ya Brescia yaweza isitoshe kwa baridi ya juu; fikeni na tangi lisilojaa, mjaze mkifika, na muendeshe kilomita kadhaa ili mafuta mapya yafike kwenye chujio. Livigno iko nje ya mipaka ya forodha, kwa hiyo mafuta yake ni rahisi, na hapo mtafurahi. Betri ya gari kwenye baridi kali hupoteza karibu nusu ya nguvu zake, basi kama ni kuukuu ipimwe kabla ya kuondoka. Egesheni kwa gia na msivute breki ya mkono, ambayo waya wake ukilowa huganda. Waipa ziinuliwe kutoka kwenye kioo. Sepetu ilale ndani pamoja nanyi, kwani sepetu iliyofukiwa nje haiwezi kumfukua mtu.

Kabla ya yote hayo, laleni usiku mmoja garini nje ya nyumba ya dada yako, kwa vitu vilevile mtakavyochukua. Brescia mwezi wa Januari ina baridi ya kutosha kuwaonyesha pengo lilipo, na mkishindwa, kitanda kiko hatua ishirini. Livigno pia wekeni mpango kama huo: mjue tangu mchana ni mlango gani ulio wazi usiku kucha. Mtu akitetemeka, mwili wake bado unapigana. Akiacha kutetemeka ilhali bado yu baridi, maneno yakamkwama, mikono ikashindwa kufunga zipu, mwili wake umeshuka chini ya nyuzi 35 au unakaribia; mfunikeni, mpeleke kwenye joto, na mpige 112. Usione haya kugonga mlango wa watu saa tisa za usiku.

Asubuhi, atakayetangulia kutoka azunguke nyuma na sepetu alifukue bomba la moshi lionekane lote. Akishamaliza, na wote mkiwa nje ya gari, ndipo mwenye gari atie ufunguo.